Kinachong'aa si lazima kiwe kifuko: kufuatilia vifuko vya bakteria rafiki kwenye utumbo wenye uvimbe

Panya wa maabara amenyweshwa vifuko vya bakteria (viputo vidogo sana vya utando vinavyojitenga na bakteria) vilivyotiwa rangi ya kung'aa. Saa 6 baadaye kamera inaonyesha utumbo wake mpana uking'aa, na panya mwenye uvimbe wa utumbo anang'aa kumpita mzima, tena kwa muda mrefu zaidi. Hapo huja hitimisho kwamba vifuko hukimbilia penye ugonjwa. Huenda ni kweli. Ila picha hiyo peke yake haithibitishi jambo hilo, kwa sababu uvimbe hubadilisha mambo mawili kwa mpigo: safari ya kifuko na mwanga wenyewe tunaoupima. Nayaandika haya kwa wanafunzi na watafiti wanaotaka kuyatenganisha mambo hayo mawili, na kwa yeyote anayesoma tafiti za namna hii na kutaka kujua aulize nini.

Mfano wangu ni bakteria mmoja, Escherichia coli Nissle 1917. Alfred Nissle, daktari wa Freiburg nchini Ujerumani, alimtenga mwaka 1917 kutoka kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye alibaki mzima wakati wenzake wakiugua kuhara. Leo anauzwa kama Mutaflor. Mwaka 2004 jarida la Gut lilichapisha jaribio la Kruis na wenzake kwa wagonjwa 327 wa kolaitisi ya vidonda (uvimbe sugu wa utumbo mpana) ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Waliotumia miligramu 200 za Nissle kwa siku walilinganishwa na waliotumia mesalazini, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, miligramu 500 mara tatu kwa siku. Kwa waliofuata matibabu kama yalivyopangwa hadi mwaka kwisha, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 36.4 upande wa Nissle na asilimia 33.9 upande wa mesalazini. Hayo ni matokeo ya bakteria hai, kwa kolaitisi ya vidonda, kwa kazi ya kuzuia ugonjwa usirudi. Vifuko vyenyewe bado ni kazi ya maabara, na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya picha za panya.

Kifuko ni kipande cha utando wa nje wa bakteria kilichojitenga kikiwa duara, kipenyo chake kati ya nanomita 20 na 300. Hubeba lipopolisakaridi (LPS, molekuli ya mafuta na sukari ya utando wa nje), protini za utando, na vipande vya DNA na RNA. Hakizaliani. Udogo wake ndio unaowavutia watu: bakteria wa mikromita 1 hadi 2 huzuiwa na ute wa utumbo, lakini kifuko kina nafasi ya kupenya. Kundi la Laura Baldomà na Josefa Badia huko Barcelona lilionyesha mwaka 2017 kwamba panya walionyweshwa vifuko vya Nissle, mikrogramu 5 za protini kwa siku kwa siku 10 kabla ya kuanzishiwa kolaitisi, waliugua kwa kiasi kidogo kuliko wasionyweshwa. Swali linalofuata ni vifuko hivyo vilifika wapi, na hapo ndipo kazi hii huharibika kwa urahisi.

Kabla ya rangi, usafi

Otesha Nissle kwenye mchuzi wa LB, nyuzi 37, ukitikisa, mpaka OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi kinachoonyesha wingi wa bakteria) ifike takriban 1.5. Usiuache mchuzi mpaka bakteria waanze kufa. Seli zinazopasuka hutoa vipande vya utando vinavyojikunja vyenyewe, na hadubini haitakuambia kipi kilizaliwa na bakteria hai na kipi ni kifusi. Ondoa seli kwa sentrifuji ya 10,000 × g, nyuzi 4, dakika 20. Pitisha maji ya juu kwenye chujio la mikromita 0.22, yapunguze kwa chujio la kilodaltoni 100, kisha zungusha 150,000 × g kwa saa 1. Osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti), zungusha tena. Paka tone kwenye sahani ya agari na ulilaze usiku kucha: kikiota kitu, mzigo wote hautumiki, kwa sababu bakteria mmoja aliyepita chujio atazaliana ndani ya panya na kutengeneza vifuko vipya ambavyo hukuvipima.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo pana tatizo kubwa la Nissle. Bakteria huyu ana flajela (mikia ya kuogelea) na fimbria (nywele za kujishikia), na nyuzi hizo hushuka chini pamoja na vifuko. Flajelini, protini ya flajela, huamsha kipokezi cha kinga cha TLR5 kwenye seli za utumbo. Ukiona mwitikio wa kinga, hutajua kama umetoka kwa kifuko au kwa flajela iliyokatika. Virusi vya bakteria vilivyojificha kwenye jenomu navyo huweza kutoka vikiwa na ukubwa ule ule wa vifuko. Dawa yake ni mteremko wa msongamano wa iodiksanoli (kimiminika kizito kinachopangwa kwa matabaka): weka sampuli chini, zungusha usiku kucha, na uchukue matabaka ambamo vifuko vimeelea. Kama huna sentrifuji ya kasi kubwa, safu ya kuchuja kwa ukubwa pamoja na machujio ya kilodaltoni 100 kwenye sentrifuji ya kawaida hutoa vifuko vizuri. Haitakuondolea flajela zote, kwa hiyo endesha sampuli kwenye jeli ya protini kabla ya kuiamini.

Kwa bakteria wa mtindi kama Lacticaseibacillus rhamnosus GG utahitaji mchuzi wa MRS, na hapo uwe macho zaidi: dondoo za hamira na nyama zilizomo kwenye mchuzi zina chembe zake zenyewe za ukubwa huo huo. Chukua mchuzi ambao haukuoteshwa kitu na uupitishe hatua zote hadi mwisho. Mashine ya kuhesabu chembe ikikuonyesha idadi inayokaribiana na ya sampuli yako, umekuwa ukikusanya mchuzi.

Andika dozi kwa njia mbili, mikrogramu za protini na idadi ya chembe. Protini peke yake hudanganya panapokuwa na flajela, na idadi ya chembe peke yake hudanganya panapokuwa na uchafu wa mchuzi. Uwiano wa viwili hivyo ukiyumba kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, usivilinganishe. Pima pia LPS kwa kipimo cha LAL, na piga picha ya hadubini ya elektroni kwa asetati ya uranili.

Rangi

Rangi zinazopenda mafuta, kama PKH26, DiI, DiD na DiR, hujichomeka kwenye utando. Zinatumika sana kwa sababu ni rahisi: mikromola 1 hadi 5, nyuzi 37, dakika 30, gizani. Ubaya wake ni mwingi na unajulikana, na bado naona tafiti zinazoupita kimya. Zikiwa ndani ya maji, molekuli za rangi hukusanyana na kuwa chembe zenye ukubwa wa kifuko. Chembe hizo hushuka pamoja na vifuko kwenye sentrifuji, humezwa na seli kama vifuko, na hung'aa kama vifuko. Tena, rangi hudumu mwilini muda mrefu baada ya kifuko chenyewe kusagwa, na huweza kuhama kutoka kifuko kwenda utando wa seli ya jirani. Ukipima baada ya saa 48, kuna uwezekano mkubwa kwamba unapima mabaki ya rangi.

Kwa hiyo kila jaribio liwe na makundi haya: rangi ndani ya PBS iliyopitishwa hatua zote za utiaji rangi na usafishaji, mchuzi mtupu uliotiwa rangi, vifuko visivyo na rangi, na liposomu (vifuko bandia vya mafuta) zenye ukubwa ule ule zilizotiwa rangi ile ile. Hizo za mwisho ndizo zinazosahaulika, nami naziona ndizo muhimu kuliko zote. Liposomu hazina chochote cha Nissle. Zikijaa kwenye utumbo wenye uvimbe sawasawa na vifuko, ulichokigundua ni tabia ya utumbo uliovimba kwa chembe yoyote ya nanomita 100. Kisha jaribu sabuni: ongeza Triton X-100 kwenye sehemu ya sampuli na uhesabu tena chembe zinazong'aa. Vifuko huvunjika; kinachobaki kiking'aa si kifuko.

Rodamini R18, ambayo Barcelona waliitumia kwa vifuko vya Nissle kwenye Caco-2 na HT29-MTX (seli za utumbo wa binadamu zinazooteshwa maabara), ina faida ya pekee. Ikiwa imesongamana kwenye utando wa kifuko hujizima yenyewe, na huwaka kifuko kinapoungana na utando wa seli. Inafaa sana kwenye sahani ya seli. Ndani ya panya siipendekezi: mawimbi yake hayapenyi nyama, na bado ni rangi ya mafuta yenye matatizo yale yale.

Njia safi zaidi ni kumlisha bakteria sukari ya Kdo yenye azidi (kishikio cha kemikali) wakati anaota. Ataiweka kwenye LPS yake, kisha utaunganisha rangi yenye DBCO, kundi la kemikali linaloshikana na azidi, bila kuhitaji shaba. Hapo rangi imefungwa kwa kifungo cha kemia na haikusanyani ovyo. Kumbuka tu kwamba sasa unafuatilia LPS, na LPS huweza kuachana na kifuko, hasa inapokutana na nyongo.

Wengine humpa bakteria jeni ya kubandika protini ya kung'aa kwenye ClyA, protini ambayo huishia kwenye vifuko. Wazo ni zuri, lakini GFP (protini ya kung'aa kijani) huhitaji oksijeni ili ikomae na kung'aa, na ndani ya utumbo mpana oksijeni ni haba mno. NanoLuc (kimeng'enya kinachotoa mwanga) nayo huhitaji oksijeni kila inapotoa mwanga, na mwanga wake wa nanomita 460 humezwa na damu na nyama. Ukiitumia, itumie kwenye kinyesi na tishu zilizosagwa, mezani, penye hewa. Utapata namba nzuri, hutapata picha ya panya mzima.

Kabla hujagusa mnyama, pitisha vifuko vyenye rangi kwenye tumbo la kuigiza: pH 3 pamoja na pepsini kwa saa 2, kisha pH 7 pamoja na chumvi za nyongo za milimola 10 kwa saa 2, nyuzi 37. Chumvi za nyongo ni sabuni. Hesabu chembe kabla na baada. Kama nusu ya mwanga imehamia kwenye maji yasiyo na chembe, utajua mapema kwamba nusu ya utakachokiona tumboni hakitakuwa kifuko.

Panya na DSS

Kolaitisi ya panya mara nyingi huanzishwa kwa DSS, chumvi ya dekstrani yenye salfati, uzito wa daltoni 36,000 hadi 50,000, asilimia 2 hadi 3 kwenye maji ya kunywa kwa siku 5 hadi 7. Dozi ni yale aliyoyanywa. Pima maji kila siku, kwa sababu panya aliyenywa kidogo ataonekana kama aliyeponywa na vifuko. Ukibadilisha namba ya mzigo wa DSS, ukali wa ugonjwa hubadilika pia, kwa hiyo nunua chupa moja itakayotosha jaribio zima.

Wakati wa kunywesha una maana kubwa. Kundi la Gunnar Hansson huko Gothenburg lilionyesha kwamba DSS hufungulia bakteria njia kwenye tabaka la ndani la ute ndani ya saa 12, kabla uvimbe haujaonekana. Tabaka hilo kwa panya ni takriban mikromita 50. Vifuko ukivitoa siku ya 1 unapima ute ulioharibika. Ukivitoa siku ya 7 unapima vidonda, damu, kuhara na jeshi la makrofaji (seli za kinga zinazomeza chembe). Hayo ni maswali mawili tofauti, na kuyachanganya kwenye mchoro mmoja kunapoteza yote mawili.

Chakula cha kawaida cha panya kina alfalfa, na klorofili yake hung'aa kwa rangi nyekundu karibu kabisa na DiD. Wahamishie chakula kilichosafishwa kisicho na alfalfa angalau siku 7 kabla ya picha, na upige picha ya kila panya kabla ya kumnywesha. DiR, inayochochewa karibu na nanomita 750 na kutoa mwanga karibu na 780, inapenya nyama vizuri zaidi. Nywesha kwa mrija usiozidi mikrolita 200 kwa panya wa gramu 20.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: panya hula kinyesi chake. Mwanga wa saa 24 unaweza kuwa ni dozi ile ile iliyotoka na kuingia tena kwa mdomo. Panya wa kulinganisha akiwekwa kizimba kimoja na aliyenyweshwa, naye atang'aa. Tenga vizimba kwa makundi, weka sakafu ya wavu (hupunguza, haikomeshi), na pima kinyesi kila mara unapopiga picha, yaani saa 1, 3, 6, 12 na 24. Ukiweza kujumlisha mwanga wa kinyesi, wa yaliyomo tumboni na wa tishu zilizooshwa ukakaribia mwanga wa dozi uliyotoa, una hesabu unayoweza kuitetea.

Kusoma picha za utumbo uliovimba

Damu humeza mwanga, hasa chini ya nanomita 600. Utumbo unaovuja damu utaonekana hafifu kwa DiI hata kama una vifuko vingi. Kwa upande mwingine, utumbo mpana wenye kolaitisi hufupika na ukuta wake hunenepa, hivyo mwanga ule ule ukiminywa kwenye urefu mdogo huonekana mkali zaidi. Ndiyo maana napenda namba zitolewe kwa utumbo mzima, na kwa gramu ya tishu, zote mbili. Ute uliokwama kwenye vidonda, makrofaji wanaomeza chembe yoyote, na mwendo wa chakula uliobadilika kwa kuhara, kila kimoja huweza kuongeza au kupunguza mwanga bila kifuko "kuchagua" chochote. Ongeza alama ya mwendo isiyofyonzwa kwenye dozi ile ile ili ujue chakula kilifika wapi saa ile.

Kipimo cha dekstrani ya kilodaltoni 4 yenye rangi ya kung'aa ya FITC kinatumika sana kuonyesha kwamba utumbo unavuja. Molekuli hiyo ina upana wa nanomita chache tu. Kupita kwake hakuthibitishi kwamba kifuko cha nanomita 100 kinaweza kupita.

Kwenye hadubini kuna mgongano wa kemia unaowasumbua watu kuliko kitu kingine chochote. Ili ute ubaki umesimama unahitaji kihifadhi cha Carnoy (ethanoli 60, klorofomu 30, asidi ya asetiki 10) au methakani, kwani formalini yenye maji huulaza ute mpaka usionekane. Lakini klorofomu na alkoholi huyeyusha DiI na PKH na kuziondoa kabisa. Ukihifadhi ute unapoteza rangi. Ukihifadhi rangi unapoteza ute. Suluhisho ni kugawa utumbo. Kipande kimoja kikiwa na kinyesi ndani kiende Carnoy, kisha kipakwe kingamwili dhidi ya Muc2 (protini kuu ya ute) na dhidi ya LPS ya O6 (aina aliyonayo Nissle) au lebo ya protini uliyoibandika. Kipande cha jirani kigandishwe kwenye OCT (gundi ya kugandishia tishu), kikatwe kwa mikromita 10 na kutazamwa bila Triton, maana Triton nayo huondoa rangi ya mafuta. Kama lazima utoboe utando, tumia dijitonini kidogo. Na usisome nukta moja kama kifuko kimoja: hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200, kwa hiyo nukta ile huweza kuwa kifuko kimoja, kumi, au endosomu (kijumba cha ndani ya seli) iliyojaa rangi.

Ushahidi ninaoupa uzito mkubwa hautegemei rangi kabisa. Mwaka 2021 kundi la Stefan Momma huko Frankfurt lilitumia E. coli waliotengeneza kimeng'enya cha Cre, ndani ya panya ambao seli zao huwaka nyekundu pale tu Cre inapoifikia DNA yao. Seli ikiwaka, shehena ya bakteria iliingia na ikafanya kazi. Seli za ukuta wa utumbo ziliwaka, na nyingine mbali zaidi pia. Mpaka wake ni kwamba seli huwaka milele: inakuambia palipofikiwa, haikuambii lini wala mara ngapi, na seli za utumbo hubanduka na kubadilishwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo ukichelewa kutazama utazikosa.

Kwa binadamu hakuna kutia rangi. Kazi huanzia kwenye damu na kinyesi. Kundi la An Hendrix huko Ghent lilionyesha mwaka 2020 kwamba vifuko vyenye LPS vinapatikana kwenye plazma ya wagonjwa wenye utumbo uliopoteza kizuizi chake, wakiwemo wa uvimbe sugu wa utumbo. Ila LPS haisemi ilitoka kwa bakteria gani. Kwa anayetumia Nissle kuna njia mahususi: bakteria huyu ana plazmidi (duara za DNA) mbili ndogo, pMUT1 na pMUT2, zinazotumika kumtambua kwa PCR (kipimo kinachozidisha DNA ili isomeke). Chuja kwanza sampuli kwa mikromita 0.22 na uhakikishe kwenye agari kwamba hakuna Nissle hai aliyebaki, weka kimeng'enya cha DNase ili DNA iliyo nje ya vifuko isagwe, zima DNase kwa joto, kisha ndipo uvunje vifuko na kupima. Weka bomba moja lililovunjwa kabla ya DNase. Likiendelea kutoa ishara, DNase yako haikufanya kazi. Na ukihamishia njia hii kwa panya wa DSS, kumbuka kwamba DSS huizuia PCR yenyewe. Tia kiasi kinachojulikana cha DNA ya kigeni kwenye kila bomba, na sampuli ambayo DNA hiyo haikusomeka isiandikwe kwamba haina vifuko.